Nailoni ya Kwanza Ilidumu Miezi Minne

Usiku ule wa Novemba mvua ilitanguliwa na upepo, na kabla sijapata kandambili zangu nikasikia nailoni ikichanika nyuma ya nyumba. Ilichanika kwa mlio mmoja mrefu, kama kanga kuukuu inapopasuliwa vitambaa. Nilipotoka na tochi ya simu, nusu ya paa la kitalu nyumba changu, kibanda cha nailoni cha kulimia mboga, ilikuwa imelalia ua wa jirani, na nyanya nilizozitunza tangu Agosti zilikuwa zinapigwa na mvua bila kinga. Kulipokucha niliokota kipande cha ile nailoni nikakikunja kwa vidole. Kikakatika, kikavu, kama ganda la kitunguu.

Naandika haya kwa sababu nimeona watu wengi hapa Kigoma wakianza bustani kwa moyo mmoja na mfuko mdogo, kisha wakapoteza pesa kwa njia zilezile nilizopotezea mimi. Vifaa vya bei nafuu viko vya aina mbili, kile kinachofaa na kile kinachokurudisha dukani, na vyote vinakaa kwenye rafu moja.

Ninaishi Gungu, na nyuma ya nyumba nina kipande cha ardhi cha hatua kama 20 kwa 15. Nilianza kukilima mwaka 2019. Mwaka naukumbuka kwa sababu ndio mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni, na mimi nikadhani hata viriba vya kuoteshea miche vimekatazwa. Havikukatazwa, plastiki za shughuli za kilimo ziliachwa. Lakini kwa ile hofu nilianza kuotesha kwenye makopo na chupa za maji zilizokatwa, na sijarudi nyuma. Chupa ya lita moja na nusu ukiikata katikati na kuitoboa chini unaitumia msimu hata msimu, wakati kiriba ukikichana kupandikiza mche, kimekwisha.

Jembe langu la kwanza nililinunua Soko la Mwanga kwa sababu lilikuwa na bei ya chini kuliko yote na rangi yake ilikuwa mpya inang'aa. Ardhi yetu ina changarawe. Wiki ya pili mdomo wa jembe ulikuwa umejikunja kama ukurasa wa daftari, nikaunyoosha kwa nyundo, ukajikunja tena. Mama mkwe wangu, ambaye amelima maisha yake yote, alilitazama akasema niende Ujiji kwa mhunzi.

Yule mzee hakuanza na bei. Baada ya salamu alifunga jembe langu kwa kamba, akaliinua likaning'inia, akaligonga na msumari. Likatoa mlio mfupi, wa bati. Akachukua la kwake, jeusi, lisilo na rangi wala lebo, akaligonga vilevile. Lile lililia kwa muda, sauti nyembamba iliyochelewa kufa.

"Umesikia, mjukuu wangu?"

"Nimesikia, babu."

"Hili ni springi ya lori. Chuma kilichobeba tani huko njiani hakiogopi changarawe yako."

Nililipa karibu mara mbili ya bei ya lile la Mwanga, na akanionya nisinunue mpini wa dukani uliopakwa vanishi. Alinichongea wa mpera, akaupitisha kwenye tundu kutoka juu ili kila ninapopiga ardhi ujikaze badala ya kuchomoka. Jembe hilo ninalo mpaka leo. Limelika kidogo pembeni, nalinoa kwa tupa kila Jumamosi, na mpini nimebadilisha mara moja tu. Tangu siku ile sinunui chombo cha chuma bila kukigonga, hata muuzaji akinuna. Hata cha mtumba nakigonga, maana jembe zee la chuma kizuri lililolika nusu, ukilipata kwa bei ya mandazi ya familia, bado linakufaa kwa palizi miaka mingi kuliko jipya la bati.

Mambo mengine hayahitaji kununuliwa kabisa. Keni ya kumwagilia kwa mfano. Hapa kwetu madumu ya mawese hayakosekani, na dumu la lita tano ukilisafisha kwa maji ya moto na majivu likaisha ule utelezi, limebaki kutoboa kifuniko. Mara ya kwanza nilitoboa kwa msumari nikang'oa miche yote ya mchicha kwa maji mazito. Dawa ni sindano ya kushonea magunia iliyopashwa moto kwenye jiko: tundu linakuwa dogo, maji yanashuka kama manyunyu, na udongo hauhami. Toboa pia tundu moja juu karibu na mkono wa dumu hewa iingie, vinginevyo maji yatakuwa yanatoka kwa kukwama kwama.

Mtumba una hatari yake, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu liligharimu msimu mzima. Nilipata bomba la kupulizia dawa, lile la mgongoni la lita 16, kwa nusu ya bei. Lilikuwa zima, pampu inavuta vizuri. Nililisuuza kwa maji mara tatu, nikapulizia nyanya dawa ya ukungu. Baada ya siku chache majani machanga yakaanza kujisokota, yakawa membamba kama ya mnyonyo uliokauka, mishipa imejipanga sambamba, na vikonyo vikapinda kuelekea chini. Nilidhani ni virusi. Bwana shamba wa kata alipokuja aliuliza swali moja tu: bomba lilikuwa la nani? Nikaenda kumuuliza aliyeniuzia, akasema alikuwa akiulia magugu kwenye shamba la mahindi. Dawa za magugu ya majani mapana hubaki kwenye mpira wa bomba na kwenye pua yake, na nyanya ni mmea unaoumia kwa kiasi kidogo mno cha dawa hiyo. Kusuuza kwa maji matupu hakutoshi. Bomba lile nililiandika kwa rangi nyekundu MAGUGU, likakaa pembeni na kazi yake hiyo moja, nikajichanga nikanunua dogo jipya la lita mbili. Kwa bustani ya nyuma ya nyumba linatosha.

Sasa nirudi kwenye kitalu nyumba, maana ndicho watu wananiuliza zaidi.

Wakati huo picha za vitalu nyumba vilivyofungwa pande zote, vya mabomba ya chuma, zilikuwa kila mahali, na mimi nilitaka changu. Bei ya kile cha kampuni ilikuwa nje ya uwezo wangu kabisa. Kwa hiyo nikanunua miti ya mikaratusi, misumari, na nailoni angavu ya mafundi ujenzi, ile wanayotandika chini kabla ya kumwaga zege. Nikajenga chumba cha mita nne kwa sita, nikakifunga pande zote nne, nikaweka na mlango. Kilipendeza. Majirani walikuja kukitazama.

Makosa yalikuwa matatu, na la nailoni ndilo dogo, ingawa ndilo lililolia usiku.

Nailoni ya ujenzi imetengenezwa kukaa chini ya sakafu, gizani. Ikipigwa na jua la Kigoma tangu Julai hadi Oktoba, miale ya jua inaikata kata ndani kwa ndani mpaka inashindwa kunyumbuka, ndiyo maana ilivunjika mkononi mwangu. Karatasi ya plastiki ya kitalu nyumba huwekewa dawa ya kuzuia miale hiyo wakati inatengenezwa kiwandani. Kwa macho zinafanana, tena ile ya ujenzi huenda ikawa angavu zaidi. Uliza unene, mikroni 200 ndio unaotumika sana, na uliza kama ina kinga ya jua. Ikiwa muuzaji hajui unachouliza, basi hata kilichomo dukani kwake hakijui. Yenye kinga ikitunzwa hufika miaka mitatu na kuendelea. Ukigawa bei yake kwa miezi, ile niliyoiona ghali ndiyo ilikuwa rahisi.

Kosa la pili lilikuwa kuta. Nilikuwa nimenunua kipimajoto kidogo, na siku moja ya Septemba saa saba mchana kikasoma nyuzi 44 ndani wakati nje upepo ulikuwa mzuri tu. Nyanya zilikuwa zimerefuka, kijani kibichi, zimejaa maua ya njano. Kila asubuhi nilikuta maua yale chini, yamedondoka na kikonyo chake. Nyanya hujichavusha yenyewe, lakini joto likipita nyuzi 32 hadi 35 kwa siku mfululizo chavua inakufa, na ua lisilotunga hudondoka. Tena hata joto likiwa zuri, ndani ya chumba kilichofungwa hakuna upepo wala nyuki wa kulitikisa ua chavua ishuke, inabidi ugonge kamba za mimea kwa mkono kila asubuhi. Vile vyumba vilivyofungwa vilibuniwa kwa nchi ambazo adui ni baridi. Mtu wa Ulaya anahifadhi joto. Mimi wa Gungu nahifadhi nini?

Swali hilo nilitakiwa kulijibu kabla ya kununua msumari wa kwanza. Jibu lake nililipata kwa kukumbuka kwa nini nyanya hupanda bei sokoni kila mvua zikikolea. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, na majani ya nyanya yakikaa na maji usiku kucha bakajani chelewa inaingia, ule ugonjwa unaogeuza jani kuwa kama limebabuliwa na maji ya moto. Vimelea vyake vinahitaji jani bichi lenye unyevu ili viote. Jani likikaa kavu, havina pa kuanzia. Kwa hiyo adui yangu ni maji yanayotoka juu, na kinga yake ni paa. Kuta sikuzihitaji.

Kosa la tatu lilikuwa namna nilivyokisimamisha: upande mrefu niliuelekeza kule upepo unakotoka, ukawa tanga la jahazi. Na miti niliifukia bila kuiandaa, mchwa wakaila chini ya ardhi huku juu ikionekana mizima.

Cha pili nilikijenga hivi. Miti ileile ya mikaratusi, lakini ncha za kufukia nilizichoma juu ya moto mpaka nje pakawa mkaa, nikitumaini mchwa wataziacha. Juu, kila mti unaogusana na karatasi niliupaka chokaa nyeupe, kwa sababu mti mweusi unapata moto juani na karatasi huanza kuharibika palepale inapogusa. Misumari sikuigonga moja kwa moja kwenye karatasi, nilibana kwa fito za mwanzi. Upande mwembamba ndio unaotazama upepo. Paa lina mgongo wa mita tatu kwenda juu, na katikati ya mgongo nimeacha mwanya uliofunikwa na upande mmoja uliopanda juu ya mwingine, hewa moto itokee hapo. Pande zote ziko wazi, isipokuwa kwamba nimezungushia nyavu kuukuu za dagaa.

Nyavu hizo nilizipata Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi. Wavuvi wakishachoka kushona wavu huuza kwa bei ndogo au humpa mtu aliyekuja kununua dagaa. Lazima niseme ukweli wake: wavu wa dagaa unazuia kuku, mbuzi na ndege. Kantangaze, yule nondo mdogo ambaye kiwavi wake huchimba njia ndani ya jani la nyanya, haumzuii hata kidogo, matundu yake ni makubwa kwake. Kuna neti maalumu ya wadudu, ila ni ghali na inabana hewa, nami nimeamua kuokota majani yaliyochimbwa kila asubuhi na kuyachoma. Wengine hutumia vyandarua vya dawa. Mimi nimekataa, chandarua ni cha mtoto kulala.

Karatasi tuliinunua kwa pamoja, kina mama wanne wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Hili ndilo lililoshusha bei kuliko ujanja mwingine wote. Kigoma tuko mwisho wa reli, kila kitu kinachotoka Dar es Salaam kinafika na nauli juu ya kichwa, na nauli ya kipande kidogo haipishani sana na ya roli zima, yaani karatasi nzima iliyoviringwa. Kabla ya kutuma pesa tuliomba kipande cha kiganja kije kwa basi. Kilipofika nilikianika juu ya bati mwezi mzima, nikakivuta. Kilinyumbuka bila kukatika, ndipo tukaagiza. Roli lilipofika tulilikata uwanjani kwetu kwa mkasi, kila mmoja akabeba mita zake kichwani. Toroli nalo ni la wote wanne, linalala kwa yule anayekaa karibu na barabara.

Kuhusu miche, nina mengi lakini nitasema yaliyoniuma.

Msimu wa kwanza chini ya paa jipya nilikuwa na haraka, nikanunua miche kwa muuzaji wa barabarani. Ilikuwa minene, kijani, na bei yake ilinifurahisha. Wiki ya sita, mche mmoja ukanyauka saa nane mchana, jioni ukaamka. Kesho yake ukalala moja kwa moja, bado kijani. Kisha wa jirani yake. Bwana shamba alikata shina karibu na ardhi, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, akaniambia nitulie nitazame. Baada ya dakika chache, kutoka kwenye ule mkato ukaanza kushuka uzi mweupe kama maziwa, mwembamba, ukiyumba ndani ya maji. Hao ndio bakteria wa mnyauko. Walikuja na udongo wa ile miche, na wakishaingia kwenye ardhi wanakaa miaka. Dawa ya kupulizia hakuna. Tuling'oa, tukachoma, na tuta lile sikupanda tena nyanya, wala pilipili, biringanya, nyanya chungu au viazi mviringo, maana wote ni ukoo mmoja. Hapo sasa napanda mahindi na maharage kwa zamu.

Tangu hapo naotesha mwenyewe. Udongo wa kitalu nauweka kwenye pipa lenye maji kidogo chini, nafunika gunia, nauchemsha kwa mvuke mpaka kiazi nilichokifukia katikati kinaiva. Mbegu nanunua paketi yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na kwa bustani ya nyumbani napenda Tanya na Tengeru 97, kwa sababu si chotara: nikichagua tunda zuri nikatunza mbegu, msimu ujao zitanipa mama yao. Mbegu chotara za F1 huzaa sana, sikatai, lakini ukizitunza watoto hawafanani na mzazi, kila mmoja na lake.

Kaka yangu alijifunza hilohilo kwa michikichi. Kule kwao Mwandiga alikuwa akiokota mbegu chini ya mchikichi mzuri wa jirani wa aina ya Tenera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi, anaotesha bure. Tenera ni mtoto wa aina mbili nyingine, Dura na Pisifera, na Tenera zikichavushana zenyewe kwa zenyewe robo ya mbegu zinarudi Dura yenye ganda nene, robo zinakuwa Pisifera ambazo mara nyingi hata hazikomazi matunda, nusu tu ndizo Tenera. Na mchikichi unasubiri miaka mitatu au minne kabla haujakuonyesha ni yupi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu za Tenera zenyewe, na tangu kampeni ya michikichi ya mwaka 2018 miche imekuwa ikigawiwa kwa wakulima. Nilimwambia aende akaulize halmashauri kabla ya kuinama tena chini ya mti wa mtu. Alikwenda.

Juzi mvua ilinyesha tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kupumzika. Nilikuwa chini ya paa nafunga nyanya kwenye kamba kwa vipande vya kanga, maji yanashuka kwenye mfereji wa bati na kuingia pipani, majani yangu yote makavu. Jirani yangu, yuleyule ambaye nailoni ililalia ua wake, alikuja mbio amejifunika ndoo kichwani, akasimama pembeni yangu akitazama juu, karatasi inavyodunda bila kuvuja.

"Dada, kwangu pale nyuma zitatosha mita ngapi?"

Nikamwambia mvua ikikatika alete kamba tukapime.